Mgeni wa Uvunguni

Bibi alipohamia kwetu Mbagala mwaka 2019, baada ya arobaini ya Babu, alishuka kwenye basi la kutoka Kilwa akiwa na vitu vitatu: sanduku la bati, kuku mmoja aliyefungwa miguu, na mkeka mrefu uliokunjwa na kufungwa kwa kamba. Mimi ndiye niliyekwenda kumpokea. Kijana wa mjini nikajifanya mjanja, nikaacha sanduku nikachukua mkeka, nikijua ndio mwepesi. Lahaula! Nusura uniponyoke. Bibi akanitupia jicho la pembeni akasema, "Taratibu mume wangu, humo kalala babu yako."

Sikuuliza kitu. Sisi wajukuu wote tulijua kilichomo.

Msomaji, kwetu asili ni Umatumbi, milimani huko nyuma ya Kilwa, ambako vita vya Maji Maji vilianzia. Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba ya Mjerumani, na moto ukawaka karibu nusu ya nchi. Tulifundishwa shuleni, na kwenye fasihi tukasoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Lakini mimi nilikuwa na Maji Maji yangu binafsi. Kila likizo niliyopelekwa shamba, Babu alikuwa akimaliza kula anajifuta mdomo, anaelekeza kidole chumbani kwake, anasema: "Babu yangu mimi aliingia vitani na mkuki, akatoka na bunduki." Alimpokonya askari wa Mjerumani. Hapo Babu hunyamaza, na sisi tunanyamaza naye.

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nitake kuwa mwandishi. Sisemi uongo. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2017 katika shule ya kata, matokeo yakawa ya aibu isipokuwa Kiswahili, nikaishia kukaa kwenye kibanda cha uwakala wa kutuma pesa kwa simu pale Rangi Tatu. Wateja wakipungua nafungua kaunta buku naandika riwaya. Mpaka mwaka juzi nilikuwa nimejaza kaunta buku mbili na nusu. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, kwa wino mwekundu: Aliingia vitani na mkuki, akatoka na bunduki.

Sasa bunduki yenyewe ipo uvunguni mwa kitanda cha Bibi, hatua nne kutoka kwenye godoro langu. Wewe ungelala?

Mama yangu hakuitaka ndani. Ana haki. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha za jeshi lililipuka hapahapa Mbagala, watu zaidi ya 20 wakafa, na nyumba hazihesabiki zilizopasuka. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Nakumbuka tulikimbia bila kujua tunakimbilia wapi, kiatu kimoja mguuni, na usiku ule nililala kwa watu nisiowajua. Ukuta wa chumba cha mama una ufa wa siku ile mpaka kesho. Umezibwa kwa saruji lakini rangi inaukataa. Basi kila akifagia chumba cha Bibi, ufagio ukigonga ule mkeka, Mama anasema kwa sauti ya mtu asiyesema na mtu: "Watu wa Mbagala tumeshashiba silaha." Bibi hajibu. Anachambua mchele.

Mwaka 2022 nikapata wazimu wa kuipamba.

Ilianza kwa kuichungulia tu. Mama akienda sokoni, Bibi akisinzia, navuta mkeka, nafungua kamba. Ilikuwa ndefu kama mita moja na robo hivi, nzito kama mtoto wa miezi mitatu. Chuma chote kahawia kwa kutu. Komeo la kupakilia risasi limeganda halisogei. Kitako kimefanya weusi wa moshi na mikono ya watu, na ubavuni mwake kulikuwa na mikwaruzo, kama paka aliyenolea kucha. Haikuwa na mkanda. Haikuwa na singe. Nilijiambia: huyu ni shujaa, na shujaa havai matambara. Nilitaka siku riwaya itakapotoka, nipigwe picha nimeishika, iwekwe nyuma ya kitabu. Jamani, ujana!

Nikaanza kazi kama anayempamba bwana harusi. Mafuta ya taa kwa ajili ya kutu, chupa mbili. Nikaenda Keko kwa mafundi samani, nikamwambia mmoja wao nina mguu wa kitanda cha kale, mbao ngumu, imekuwa nyeusi, nifanyeje? Akaniambia, "Dogo, anza na msasa mkali, malizia na laini, halafu vanishi mikono mitatu." Nikanunua vyote. Tandika nikamtafuta fundi viatu anikatie mkanda wa ngozi, wenye bakuli la shaba na matundu. Nikamwambia ni wa gitaa. Akaniuliza napiga bendi gani. Nikamtajia bendi ambayo haipo. Tsh 12,000.

Singe ndiyo iliyonipa taabu. Sikujua singe inafananaje ila kwa kuiona mahali pamoja, pale mjini kwenye Sanamu la Askari. Ndugu msomaji wa mikoani, sanamu hilo liko katikati ya barabara ya Samora, askari wa shaba ameinama mbele kidogo, bunduki mikononi, ncha ya singe inaelekea bandarini. Waingereza walilisimamisha mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Vikuu vya Kwanza, na kabla yake pale alikuwapo Mjerumani, Wissmann, naye kwa shaba. Nilisimama pale mchana wa jua kali na kaunta buku, nachora singe, watu wananipita wakidhani ni mwanafunzi wa sanaa. Mchoro huo nikaupeleka kwa mafundi chuma Gerezani. Fundi akauangalia, akaugeuza. "Hiki nini, mdogo wangu?" Nikamwambia ni kifuo, bibi yangu anataka cha kufulia nazi. Akacheka akasema bibi yako ana nazi ngumu. Akanifulia kwa springi ya gari, chuma cha urefu wa mkono, ncha kama sindano.

Kwa hiyo, uongo mara tatu katika wiki mbili. Nikajipongeza kwamba nafanya mazoezi ya utunzi.

Msasa niliupiga mwenyewe, nyuma ya choo, mchana wa Jumamosi mbili. Ule weusi ulitoka kama uchafu wa shingo. Chini yake mbao ilikuwa ya rangi ya asali. Ile mikwaruzo ya paka ilikuwa na kina, ikanisumbua sana. Jumamosi ya pili yote nilikuwa nayo tu, nasugua, napuliza unga, nasugua. Mpaka ikaisha. Nikapaka vanishi. Iling'aa hata nikajiona usoni. Kabla ya kuanza kazi nilikuwa nimejipiga picha kwa simu nimeikumbatia, na nilipomaliza nikapiga nyingine, ili niwaonyeshe washkaji wawili wa kijiweni tofauti ya kabla na baada.

Nakuomba uikumbuke hiyo picha ya kwanza.

Siku nilipotaka kufunga singe, nikakuta mtutu una kijino pembeni mwa mdomo wake, na singe yangu ya springi haina tundu la kukipokea. Nikaanza kusafisha chuma kizuri zaidi, kuanzia kwenye kile kijino nikirudi nyuma hadi kwenye komeo. Kitambaa kikapita juu ya maandishi. Mwandiko wa kulalia, mzuri, wa mtu aliyesoma. Nikaleta tochi. Nikasoma herufi moja moja: St. Étienne. Na chini yake: Mle 1874.

Sasa mimi na Kijerumani wapi na wapi. Nikaona "St." nikasema huyu ni mtakatifu, lakini Mjerumani gani anaweka mtakatifu kwenye bunduki? Jirani yetu Mkatoliki, mzee wa kigango, nikamwandikia jina kwenye karatasi. Akasema, "Huyo ni Stefano kwa Kifaransa. Yule aliyepigwa mawe." Kifaransa! Nilirudi nyumbani nikakaa juu ya ndoo.

Baada ya hapo nilikwenda Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi, kwa nauli ya daladala mbili, mara tano au sita. Nitakueleza kwa ufupi nilichokipata, ingawa mimi kilinichukua miezi.

Saint-Étienne ni mji wa Ufaransa uliokuwa na kiwanda cha serikali cha silaha. Bunduki iliyokuwa uvunguni kwetu inaitwa Gras, jina la kapteni aliyeibuni, ya mwaka 1874, risasi moja moja ya milimita 11. Na sababu ya kutengenezwa kwake ni hii: mwaka 1871 Wafaransa walishindwa vibaya na Waprusia, ndio hao Wajerumani. Bunduki yao ya wakati ule ilitumia risasi ya karatasi. Wakaona aibu, wakaigeuza ipokee risasi ya ganda la shaba. Yaani bunduki hii ilizaliwa ikimsubiri Mjerumani. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, mkutubi akaniangalia.

Lakini Gras haikukaa sana kazini. Mwaka 1886 Ufaransa ikaingiza bunduki mpya, Lebel, na Gras kwa malaki zikawa mitumba. Msomaji unayenunua shati Karume unajua mtumba unavyosafiri. Bunduki nazo zilikuwa hivyo. Gras zilishuka Obock na Djibouti zikapanda Ethiopia, mpaka Waethiopia wakaipa jina lao, wujigra, na ilikuwamo mikononi mwa jeshi la Menelik lililowapiga Wataliano Adwa tarehe 1 Machi 1896. Bunduki zilizostaafu Ulaya zilishuka Maskati, zilishuka Zanzibar. Balozi wa Uingereza Zanzibar aliandika mwaka 1888 kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Kila mwaka! Mpaka mataifa ya Ulaya yakakutana Brussels na mwaka 1890 yakatia sahihi kuzuia bunduki za kisasa zisiuzwe kwetu, ila zile za gumegume zikaruhusiwa. Ndiyo sababu mojawapo babu zetu wengi walipambana na bunduki za mzinga kwa magobore ya kushindilia.

Nitoke nje ya njia kidogo kwa ajili ya wenzangu mnaoandika mashairi. Katika kusoma habari za bunduki hizo nilikutana na Arthur Rimbaud. Mfaransa, mshairi mkubwa, aliyeacha kabisa kuandika mashairi alipofika umri wa kama miaka ishirini na moja. Unajua alikwenda wapi? Aden na Harar, mfanyabiashara. Mwaka 1886 aliondoka Tajura na msafara wa ngamia na bunduki 2,040 za fataki, kuukuu kuliko hata Gras, kumpelekea Menelik. Alifika mwaka 1887, Menelik akambania bei, madeni ya mshirika wake aliyefariki yakammaliza. Akafa 1891 ana miaka 37, amekatwa mguu. Nilikaa na habari hiyo siku nyingi. Mimi nimeacha biashara zangu ili niandike juu ya bunduki, mwenzangu aliacha kuandika ili auze bunduki.

Turudi Mbagala.

Askari wa Mjerumani mwaka 1905 walibeba Mauser ya mwaka 1871. Hata mtu asiyejua silaha akiziweka pamoja atasoma majina. Basi askari aliyepokonywa Gras ni askari gani? Nilitafuta njia ya kumwokoa babu wa Babu. Nikasema, labda alimpokonya mtu mwingine, kibaraka, ruga-ruga. Nikaandika sura nzima kwa namna hiyo. Niliposoma kesho yake niliona hata mimi mwenyewe siiamini. Maana kuna swali jepesi ambalo lilikuwa linanisubiri mlangoni: bunduki za Zanzibar zilikuwa zinaingia bara kwa njia gani, na kwa kubadilishwa na nini? Njia ya kwetu ilikuwa Kilwa. Na Kilwa kulitoka pembe, sandarusi, mpira wa porini, na watu.

Nikamwendea Bibi. Ilikuwa jioni, umeme umekatika, yuko uani na ungo wake. Nikamwamkia, nikakaa chini.

"Bibi, ile bunduki si ya Mjerumani."

Akaendelea kuchambua. "Nani kasema ni ya Mjerumani?"

"Babu."

"Babu yako alikuwa mwanamume." Akatupa chenga kwa kuku. "Mimi nimeolewa nimeikuta. Mama mkwe wangu alikuwa haiiti bunduki. Alikuwa anasema, mgeni. 'Msiweke maji karibu na mgeni.' 'Mgeni atoke nje, kuna mzazi humu ndani.' Mwanamke akitaka kujifungua, inatolewa, inawekwa kwenye kibanda cha mbuzi."

"Kwa nini mgeni?"

Hapo alisita kidogo. Nilisikia ungo umenyamaza.

"Kwa sababu aliyekuja nayo alikuwa mgeni. Hakuzaliwa pale milimani yule. Alikuja nayo begani. Alikuwa anambebea mtu."

"Anambebea nani?"

"Mwenyewe."

Msomaji, "mwenyewe" kwa Kiswahili cha bibi yangu lina maana mbili, na nilijua ni ipi. Mwenyewe bunduki. Na mwenyewe yule mbebaji. Nilitaka kuuliza zaidi akanikata: "Mambo haya kwetu hayasemwi. Mtu akigombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, hilo ndilo anatupiwa. Babu yako kapigania jina lake miaka themanini. Usilifukue."

Mimi nilikuwa na miaka 22 na nilikuwa najiona nimesoma. Nikamwambia kwamba utumwa uliisha kisheria Tanganyika mwaka 1922, miaka mia imepita, nani anajali? Akanijibu, "Aliyekuita mjukuu wa mtumwa atakujali." Mjadala ukaishia hapo, umeme ukarudi.

Sikuandika kitu kwa muda mrefu. Wale washkaji wa kijiweni waliuliza riwaya vipi, nikawaambia ipo jikoni.

Kisha likaja tangazo. Serikali ilitoa msamaha, Septemba na Oktoba 2023, mwenye silaha anayoimiliki bila kibali aisalimishe kwa hiari na hatashtakiwa. Umoja wa Afrika umeuweka mwezi wa Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha kila mwaka hadi 2030, ndiyo mambo yenyewe. Mjumbe alipita nyumba kwa nyumba akisoma karatasi. Alipofika kwetu, Mama alimpa kiti. Haijawahi kutokea mjumbe akapewa kiti kwetu. Alipoondoka Mama akamgeukia Bibi, akapiga magoti kabisa, mkwe kwa mkwe wake, akasema, "Mama, nakuomba. Mimi ukuta wangu una ufa." Kwa sheria ya silaha ya mwaka 2015 sote mle ndani tulikuwa tunalala juu ya kesi, na mimi niliyeipaka vanishi sijui wangeniita nani.

Bibi alikubali palepale. Alisema tu, "Ipelekwe mchana. Isiende usiku kama mwizi."

Usiku ule nikaivuta mara ya mwisho. Ilipendeza, sitaficha. Mkanda wa gitaa, vanishi, mtutu unang'aa mafuta. Nikapitisha mkono ubavuni mwa kitako, pale palipokuwa na mikwaruzo. Laini kama meza mpya. Na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu nianze wazimu wangu, nikajiuliza: paka gani alinolea kucha zake kwenye mstari mmoja ulionyooka?

Nikaitafuta ile picha ya kwanza kwenye simu. Nimesimama mbele ya dirisha, nimevuta uso wa kishujaa, bunduki nimeikumbatia kifuani. Nikaikuza. Ile mikwaruzo ilikuwa na nukta. Nukta moja chini, mbili juu. Mimi madrasa nilitoroka nikiwa mdogo, lakini alifu na bee hazisahauliki.

Asubuhi nikakimbia kwa Maalim, mzee aliyenichapa zamani kwa kutoroka. Nikamwamkia kwa adabu zote, nikampa simu. Akavaa miwani, akaisogeza, akaitenga.

"Hiki Kiswahili," akasema. "Watu wa zamani waliandika hivi. Hapa mwanzo anasema, mali ya." Akasogeza kidole. "Hapa mwisho, hapa, ni Kilwa. Mali ya fulani, Kilwa. Huyo fulani ndiye simwoni."

"Kwa nini humwoni, Maalim?"

"Umemfunika wewe. Huu si mkono wako?"

Ulikuwa mkono wangu. Vidole vinne vimekaa sawasawa juu ya jina. Nikamwambia basi bunduki yenyewe ipo, nitaileta, kisha nikakumbuka Jumamosi mbili nyuma ya choo, ule unga wa mbao niliokuwa naupuliza. Maalim aliniuliza ninalilia nini. Nikasema vumbi.

Wenzangu, katika familia yetu yote, kwa vizazi vinne ninavyovijua, hapakuwa na mtu aliyeacha hata neno moja lililoandikwa. Hakuna barua, hakuna hati ya shamba. Lilikuwapo moja hilo. Akatokea mjukuu anayetaka kuwa mwandishi akalisugua kwa msasa.

Nimejaribu kujitetea. Nimesema hilo jina lingekuwa la mwenye mali tu, na la yule mbebaji lisingekuwapo hata hivyo. Nadhani ni kweli. Lakini lingenipa mlango. Kilwa watu wanakumbuka majina. Pale Kivinje kuna mahali panaitwa Mwembe Kinyonga, ambapo Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwezi Novemba 1895, na huyo ni shujaa wa upinzani, na alikuwa mfanyabiashara wa watumwa, yote mawili kwa mtu mmoja, na wazee wanaweza kukusimulia yote mawili katika kikao kimoja bila kikombe cha kahawa kupoa. Mimi ningekwenda na jina, nikakaa, nikauliza.

Tuliisalimisha Jumatatu mchana, kama Bibi alivyotaka. Mjumbe mbele, Bibi katikati kwa khanga mpya, mimi nyuma na mkeka begani. Kituoni afande aliyetupokea alikuwa kijana kama mimi. Alipofungua mkeka akapiga mluzi.

"Bibi, hii ya kuchezea filamu?"

"Ya marehemu."

"Inapiga?"

"Ilipiga kelele tu," Bibi akasema. Nilitazama chini.

Afande akajaribu komeo, halisogei. Akasoma maandishi, akaniuliza mimi. Nikamweleza yote ya Saint-Étienne na Gras na milimita 11, mpaka wenzake wakasogea kusikiliza, na mmoja akasema huyu anafaa kuwa mwalimu wa historia. Ilipofika sehemu ya kuandika, akauliza, "Jina la mmiliki?" Nikamtazama Bibi. Bibi akataja jina la Babu, kamili, na la baba yake, na la babu yake, polepole, akisubiri kalamu. Afande akaandika yote matatu. Nikaona wino unavyokauka.

Mkeka tulirudi nao. Bibi anaulalia mchana chini ya mwarobaini. Ile singe ya springi haikwenda polisi. Haikuwahi kuingia kwenye mtutu, na siku moja kabla ya safari Bibi aliichukua, akaichimbia uani, ncha juu. Inafua nazi vizuri kuliko kifuo chochote Mbagala nzima, majirani wanakuja kuazima. Fundi wa Gerezani ndiye pekee kati ya wale watatu ambaye sikumdanganya.

Kuhusu riwaya, nimechana ukurasa wa kwanza. Nilimwuliza Bibi kama naweza kuiandika hadithi ilivyo, na kama naweza kuandika haya unayoyasoma sasa. Mama alisema hapana kabla sijamaliza swali. Bibi alikaa siku mbili. Kisha akasema, "Andika. Lakini jina usiandike. La kwetu usiandike, na la kijiji usiandike." Nikamwambia la Kilwa halipo hata nikitaka. Akasema analijua.

"Unajua kwamba nililifuta?"

"Najua jina."

Nilidondosha kalamu. Nikamwambia, Bibi, miaka yote hii! Akaniambia nikalete nazi mbili.

Nazi nimeleta. Zimeshafuliwa, zimekunwa, zimeliwa, na hajasema. Kila jioni nafunga kibanda mapema kidogo, nakaa naye uani, kaunta buku nimeiacha ndani makusudi.